Umbea unaotozwa kodi ndio unaobeba mali kauli

ARUA – Picha ya Mlima Wati baada ya mvua, neno juu ya kitabu kilichosomwa, kikapu kizuri kilichoonekana sokoni Koboko: mambo haya hupita kwenye simu zile zile zinazouliza bei za Ariwara na hali ya barabara ya Oraba. Mtoza kodi hajawahi kutenganisha gumzo na biashara.

Machi 2018 Rais Yoweri Museveni alimwandikia waziri wa fedha akitaka mitandao ya kijamii itozwe kodi kwa sababu ya lugambo, yaani umbea. Kuanzia 1 Julai mwaka huo, kila aliyefungua WhatsApp au Facebook alilipa shilingi 200 kwa siku. Kwa siku 30 hizo ni shilingi 6,000, kabla ya kununua data yenyewe.

Kodi hiyo haikufua dafu. Katika mwaka wa fedha 2018/19 serikali ilitarajia takriban shilingi bilioni 284, zikapatikana bilioni 49.5 hivi. Wengi waliikwepa kwa programu za VPN. Julai 2021 ikafutwa, ikaja asilimia 12 juu ya bei ya data. Hii haikwepeki kwa VPN, kwa kuwa imo ndani ya bando. Data ya huduma za afya na elimu ilisamehewa. Ya biashara haikusamehewa.

Kuna gharama nyingine. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, Facebook ilifungwa, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Mwenye mzigo Vurra alibaki na simu ya sauti tu.

Je, picha ya mlima ina faida gani kwa biashara? Wakakwa wako Koboko, Sudan Kusini na Kongo; Walugbara wako Arua na upande wa Aru. Masimulizi ya Walugbara yanamhusisha shujaa Jaki na Mlima Liru, karibu na Koboko, na Dribidu na Mlima Wati. Anayetuma picha ya Liru anawasalimu watu wa ng'ambo wanaokijua kisa hicho hicho. Watu wakizoeana hivyo, siku moja mmoja humpa mwenzake magunia kwa mali kauli, bila benki wala mwanasheria. Gumzo likikatika, kinachobaki ni fedha taslimu mkononi.

Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina utaratibu rahisi kwa mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Jumuiya zisizozidi dola 2,000. Nafuu hiyo huishia forodhani. Bajeti ya Uganda husomwa kila Juni. Vyama vya wafanyabiashara vinavyopeleka madai ya ushuru vina sababu ya kuongeza mstari mmoja: bando.