Fungurume kuna nini cha kuona?



Vakansi kubwa inakaribia. Watoto watakaa nyumbani, na wengine kati yetu watapokea wageni kutoka Lubumbashi, Likasi au mbali zaidi. Mgeni hukosa kuuliza? "Hapa kwenu kuna nini cha kuona?" Wengi wetu tunajibu upesi: kuna mgodi, basi. Watoto wetu wanatusikia, nao wanashika jibu hilo. Wanajua bei ya kobalti, lakini hawajui habari ya kilima wanachokiona kila asubuhi wakienda masomo.

Tuanze basi na vilima hivi. Mnaona wenyewe kwamba penye shaba nyingi miti mikubwa haikai. Kilima kinabaki na majani na maua, huku pori likikizunguka. Kuna ua dogo ambalo wazungu wa mawe waliliita ua la shaba, kwa sababu lilikuwa alama: lilipoota kwa wingi, walijua shaba iko chini. Tena kuna mimea ya vilima hivi vya Katanga ambayo haioti mahali pengine popote duniani. Kilima kikichimbwa hakirudi, na mimea yake inakwenda nacho. Kwa hiyo tuwaonyeshe watoto vile ambavyo bado vimesimama, tukiwa barabarani, mbali na mashimo.

Shaba haikuanza na kampani. Zaidi ya miaka 1000 iliyopita watu wa inchi hii walikuwa wanaiyeyusha. Kazi ilifanyika wakati wa kipwa, baada ya mavuno. Wanaume walichimba mashimo, na wanawake pamoja na watoto waliokota jiwe la kijani, malakiti, juu ya ardhi. Mawe yalisafishwa katika mto, kisha yakatiwa ndani ya tanuru iliyojengwa kwa udongo wa kichuguu, kwa moto wa makala na mivukuto ya ngozi. Kwa hiyo wamama, tusikubali kuambiwa kwamba habari ya shaba ni habari ya wanaume. Mikono ya nkambo zetu imo ndani yake.

Shaba hiyo ilimwagwa katika umbo la msalaba. Misalaba ile ilikuwa feza: watu walinunua nayo vitu, walitoa mahari, na walizika wafu wao pamoja nayo. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako Lualaba yetu inapita ikielekea kaskazini, wachunguzi walifungua makaburi ya kale mwaka 1957 na 1958. Walikuta vyungu vizuri na vitu vya shaba. Anayefika Lubumbashi anaweza kuwapeleka watoto katika nyumba ya makumbusho ya mji ule, waone kazi za watu wa zamani kwa macho yao.

Kisha kuna Bunkeya, katika teritware yetu ya Lubudi. Msiri alitoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akifuata biashara ya shaba. Alijenga ufalme, na Bunkeya ikawa mji mkubwa wa soko. Shaba na pembe za ndovu ziliondoka kwenda bahari zote mbili, Angola na Zanzibar. Bunduki na vitambaa vilirudi. Watu pia waliuzwa, na tusiwafiche watoto jambo hilo. Tarehe 20 Desemba 1891 kapiteni Bodson, mtu wa safari iliyotumwa kwa ajili ya mfalme Leopold II, alimpiga Msiri risasi akafa. Bodson naye aliuawa palepale. Tangu siku ile inchi iliingia mikononi mwa wazungu. Hata leo Bayeke wana Mwami wao Bunkeya. Mgeni anayekwenda huko aanze kwa kusalimu wakubwa wa kijiji, kama ilivyo desturi.

Mmoja wa wazungu waliokaa kwa Msiri alikuwa Frederick Arnot, misionere wa Uskoti, aliyefika mwaka 1886. Tunamtaja kwa sababu huko kwao Uskoti kuna wilaya moja ndogo sana, Clackmannanshire, ambayo inaweza kutufundisha jambo. Watu wake waliishi kwa kuchimba makala ya mawe na kufuma nguo za sufu. Migodi ile ilifungwa. Lakini minara yao ya kale ilitunzwa, kama ule wa Alloa na ngome ya Campbell, na mpaka leo wageni wanakwenda kuitazama. Mgodi ulikwisha, habari yao ikabaki.

Sisi pia tunajua kwamba mgodi unaweza kusimama. Kampani ya kwanza ya Tenke na Fungurume iliundwa mwaka 1970. Mwaka 1976 kazi ilisimamishwa, kwa maana vita ya Angola ilikuwa imefunga njia ya treni ya kwenda bahari. Shaba ilianza kutoka mwaka 2009 tu. Njia ile ya treni ndiyo inayoanza pale Tenke, jirani yetu, kupitia Kolwezi na Dilolo mpaka Lobito. Iliungana mwaka 1931. Mtoto akisimama katika gare ya Tenke, mwambieni: njia hii inafika baharini.

Wenye nafasi ya kwenda mbali kidogo, kuna ziwa Nzilo karibu na Kolwezi, lililotokea wakati Lualaba ilipofungwa kwa baraji kusudi umeme upatikane. Watu wanakwenda kupumzika huko na kula samaki. Upande wa kaskazini kuna mbuga ya Upemba, iliyotengwa mwaka 1939, ambako pundamilia wa mwisho wa Kongo wanaishi. Safari yake ni ngumu na ya gharama, tena ulizeni kwanza kama njia iko salama.

Tunawaomba basi kila kikundi kifanye mambo matatu. Kwanza, mkutano mmoja wa mwezi huu mwaliteni nkambo mwenye kumbukumbu, aeleze jinsi Fungurume ilivyokuwa, na kijana mmoja aandike. Wazee hawa wanapungua kila mwaka. Pili, anayerithi msalaba wa shaba asiuuze kwa mpita njia; aufunge vizuri na kuwaeleza watoto ulitoka wapi. Tatu, kama mnacheza likelemba, wekeni pembeni kidogo kidogo kwa ajili ya safari moja ya watoto, ya Tenke au ya Nzilo, pamoja na bukari na samaki ya njiani. Msiwaruhusu kukaribia mashimo ya wachimbaji wala mahali wanapoosha mawe.

Vikundi vitakavyoandika habari za nkambo wao, mtuletee. Tutazichapa hapa, moja kila juma.