Kovu na Chapa: Juu ya Hela za Tabora

Katika nchi ya Wanyiha, ambako Wamoravian walijenga Mbozi Mission, kimelala kimondo kikubwa cha chuma chenye kovu la msumeno, maana mwaka 1930 mtaalamu wa miamba alikata kipande chake ili kukichunguza. Hapana mwenye akili asemaye kuwa kovu hilo lilishuka na kimondo kutoka mbinguni. Ajabu ni kwamba wasomi wenye busara hiyo huipoteza wakishika hela ya Tabora.

Hela hizo (na jina lake lingali neno letu la fedha) zilifuliwa mwaka 1916 katika karakana ya reli, Wajerumani wakiwa wamefungiwa njia ya bahari. Kazi ilikuwa ya haraka na mihuri ilichoka upesi. Mara mhuri ulipasuka ukaacha mstari uliotuna usoni mwa sarafu. Mara pigo lilikuwa hafifu, nusu ya herufi isitokee. Wauzaji huyaita makosa hayo “aina” na kupandisha bei. Hilo laweza kusameheka, kwa kuwa biashara ni biashara. Lisilosameheka ni mwanafunzi kuyaandika katika orodha yake kana kwamba ni elimu.

Aina ya kweli huchongwa katika mhuri wenyewe. Katika hela 20 taji ni kubwa kwa mihuri mingine, dogo kwa mingine; nazo herufi L za neno Heller pengine zina ncha zilizochongoka, pengine zilizojikunja, pengine ni L ya pili tu iliyojikunja. Katika rupia 15 za dhahabu, zenye tembo, pambo la kulia huishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA au chini ya A. Za kwanza huhesabiwa 9,803, za pili 6,395. Hapo mchongaji alianza kazi upya.

Wako wajibuo kuwa ufa nao hurudia katika sarafu nyingi. Ni kweli, lakini ufa hukua. Huonyesha umri wa mhuri uleule, na wafaa kupanga ipi ilitangulia kufuliwa. Hauzai mhuri wa pili.

Mtego mbaya zaidi ni uchakavu, kwani L iliyojikunja ikisuguliwa miaka mingi huonekana imechongoka. Mwenye hela moja iliyolika na atafute nyingine mbili tatu zilizo safi, azilinganishe, kisha azigeuze atazame na taji, kabla hajatangaza chochote.