Kitochi, Taa ya Sola na Lugha ya Boksi: Maoni kutoka Ijara

Msomaji wa kurasa hizi amezoea kukutana na ngeli, na vina na mizani, na lile jedwali lisilokwisha la istilahi za kompyuta. Leo namwomba anivumilie nizungumzie vidude vitatu vya bei nafuu: simu ya kitochi, taa ya sola, na redio ndogo inayosoma memori kadi. Nilivitumia kwa muhula mzima nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu huko Ijara, na nimerejea na hoja ambayo, kwa maoni yangu, inatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuliko inavyowahusu wahandisi.

Kwa asiyeijua, Ijara ni pembe ya kusini ya Kaunti ya Garissa. Masalani, mji wake mkubwa, uko karibu na Mto Tana. Ukiupa mto kisogo na kuelekea mashariki unafika Ijara yenyewe, na mbele zaidi ziko Sangailu na Hulugho, hadi ukaribie mpaka wa Somalia. Kusini kuna msitu wa Boni na njia ya kwenda Lamu. Wenyeji wengi ni wafugaji Wasomali. Wako pia Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer, na ng'ambo ya mto wako Wapokomo walimao. Wataalamu wa wanyama huijua sehemu hii kwa hirola, yule swala adimu ahifadhiwaye Ishaqbini. Mimi niliijua kwanza kwa joto na vumbi, na baadaye, mvua zilipokuja, kwa tope liwezalo kukata barabara kwa majuma. Kifaa kinachosifiwa chini ya feni ya duka la Nairobi hakijafanya mtihani bado. Mtihani wake uko huku.

Neno moja kuhusu umeme, maana ndio kiini cha mambo. Mnamo Desemba 2019 kilizinduliwa karibu na mji wa Garissa kituo cha umeme wa jua cha megawati 50, na umeme wake huingia katika gridi ya taifa. Kaunti hiyo hiyo ina vijiji ambako mtu hutembea saa mbili akiwa na simu nne mfukoni, yake na za majirani, kuzipeleka kwenye kibanda cha kuchaji. Nililipa shilingi 20 kwa kila chaji. Ukizidisha kwa siku za mwezi utaona kwa nini kule sifa ya kwanza ya simu si kamera bali ni idadi ya siku inazokaa na moto.

Basi tuanze na kitochi. Wapo wanaokiita mulika mwizi, wapo wanaokiita kabambe, na Wasomali husema toosh kwa tochi yenyewe, neno lililotoka kule kule lilikotoka letu. Babu wa simu hizi ni Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Iliundwa makusudi kwa watu wa mazingira kama haya: vibonyezo vilivyofunikwa vumbi lisiingie, ubavu usioteleza mkononi, na tochi juu ya kichwa. Baada yake ulikuja wingi wa simu za Kichina zenye laini mbili. Yangu niliinunua kwa shilingi 1,400. Ilikaa siku nne bila chaji. Tochi yake ilinitosha kusahihisha madaftari na kutazama nge chini ya kitanda. Sauti yake ni kubwa kiasi kwamba siri haina mahali. Aibu yake ilikuwa moja: kufikia juma la nane tarakimu zilikuwa zimefutika kwenye vibonyezo, nikawa napiga simu kwa kukumbuka kama mpiga kinanda.

Mtu asidhani kwamba chombo hiki ni cha kupigia soga tu. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, bei ya ng'ombe aliyeuzwa Garissa yaweza kumfikia mwenyewe akiwa malishoni. Na homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwishoni mwa 2006, Garissa na Ijara zikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa zaidi, habari ya mnyama aliyeharibu mimba ilikuwa habari ya uhai wa watu. Hata mtandao unapokosekana, na milingoti ya mawasiliano katika kaunti za Mandera, Wajir na Garissa imeshambuliwa mara kwa mara na wanamgambo, kitochi hubaki kuwa tochi, saa na redio. Simu janja katika hali hiyo hubaki kuwa kioo cha kujitazamia. Mwaka 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River, na simu yake ya bei ya chini ikatangazwa kwa shilingi 7,499. Ni hatua njema, siibezi. Lakini hiyo ni bei inayokaribia ya mbuzi mzima, tena mbuzi anayehitaji kuchajiwa kila jioni.

Sasa niingie katika menyu. Simu yangu ilikuwa na Kiswahili, nami kwa uzalendo nikakichagua. Nilipoandika nambari ya mwalimu mkuu ikaniuliza: "Okoa namba?" Mwanafunzi aliyekuwa akichungulia begani akauliza, "Kwani imetumbukia wapi, maalim?" Aliyetafsiri alipata kamusi, akaona neno la Kiingereza lenye maana mbili, akachukua ile ya kwanza. Linganisha na Okoa Jahazi, ile huduma ya kukopa muda wa maongezi: mtu anayejua Kiswahili aliketi akafikiri, akatwaa usemi ulio hai, na leo mfugaji asiyewahi kuona jahazi anauelewa. Najua walimu wetu wa sarufi wana kesi yao na "Lipa na M-Pesa", wakitaka "kwa" badala ya "na". Mimi nasema kesi hiyo isubiri. Kuna iliyo kubwa zaidi, nayo iko ndani ya boksi la taa.

Taa yangu ya sola ilikuwa ya aina ile yenye taa upande mmoja na paneli yake upande wa pili, zikiunganishwa kwa waya. Kwa mwanga sina malalamiko. Wanafunzi watano waliweza kuizunguka na kusoma, na hakuna macho yaliyowasha kwa moshi wa koroboi. Jirani yangu, mzee mwenye kibanda cha kuchaji, alikuwa na taa kama hiyo, nayo ilikufa kabla ya miezi sita. Nilimuuliza, "Adeer, ulikuwa ukiichaji vipi?" Akanionyesha paa la mabati: kila asubuhi aliweka juu yake paneli na taa pamoja, mchana kutwa. Alikuwa amefikiri sawasawa. Kifaa kinaitwa taa ya jua, basi na kiwekwe juani.

Nilikwenda nikafungua boksi langu, nikatoa karatasi iliyokunjwa mara sita. Katika herufi ndogo kama mchwa, kwa Kiingereza na Kifaransa, iliandikwa kwamba paneli iwekwe juani na taa yenyewe iwekwe kivulini, kwa kuwa joto huua betri. Ndivyo ilivyo: betri za lithiamu huchakaa upesi zikichajiwa katika joto kali, na bati la Masalani saa saba mchana halikanyagiki kwa unyayo mtupu. Sentensi moja ndiyo iliyotenganisha taa ya miezi sita na taa ya miaka kadhaa. Sentensi hiyo ilikuwepo, imechapwa, imesafirishwa kutoka ng'ambo hadi mlangoni pa mzee, lakini katika lugha asiyoisoma yeye wala mwanawe wa darasa la tano.

Habari ya betri haikuishia hapo. Betri ya aina ya BL-5C, iliyokuwa ya Nokia, imekuwa kama chumvi: huingia katika kitochi, huingia katika redio ya memori kadi, na watu huihamisha kutoka hapa kwenda pale wanavyohitaji. Mwaka 2007 Nokia yenyewe ilitangaza kuwabadilishia wateja betri zipatazo milioni 46 za aina hiyo kwa sababu ya hitilafu ya kupata joto kupita kiasi wakati wa kuchajiwa. Hizo zilikuwa halisi. Za bandia hazina wa kuzitangazia. Niliuziwa moja yenye maandishi ya kujigamba kwamba ina nguvu mara tatu ya ile ya asili, na kufikia mwezi wa pili ilikuwa imevimba kama maandazi, ikisukuma mfuniko wa redio. Fundi aliitazama akasema, "Bado inafanya kazi, itumie." Nadhani fundi huyo hakuwa mwovu. Hakuna aliyewahi kumwandikia, katika lugha anayofanyia kazi, kwamba betri iliyovimba haichajiwi tena.

Redio yenyewe ilinivunja moyo kama redio, kwa kuwa ilinasa stesheni mbili na mnguruo. Kama mashine ya memori kadi, la: usiku mzima mawaidha, nashida na mashairi ya Kisomali yalitiririka kutoka kidude kisichozidi ukubwa wa tofali la sabuni. Nitairudia punde.

Hoja yangu ni hii. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili afaidike kikamilifu na bidhaa aliyoinunua. Ukiziweka ibara hizi mbili bega kwa bega, karatasi iliyokuwa katika boksi langu ni mapungufu ya haki, si ya adabu tu. Tumeshaona kwamba inawezekana kuufikia umma ikitakikana. Tume ya Mawasiliano ilipozima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, nchi nzima ilijifunza kubonyeza *#06# na kutuma zile tarakimu 15 kwa 1555. Ikiwa mtu wa Hulugho anaweza kuelezwa namna ya kuhakiki simu, anaweza kuelezwa kivuli cha taa.

Na sisi je? Tumeandika kurasa nyingi kuhusu rununu na simutamba, ngamizi na tarakilishi. Mwaka 2004 wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifika mbali zaidi, wakashiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na heshima yao ibaki pale pale. Lakini karatasi ya taa haihitaji istilahi mia tano. Inahitaji sentensi kumi zilizonyooka. Kazi hiyo tumeidharau kwa kuwa haina shahada ndani yake.

Nimekwisha pingwa na mhadhiri mmoja, kwa upole lakini kwa nguvu. Alisema: mzee wako ni Msomali, Kiswahili chake ni cha sokoni, mtafsirie Kisomali. Ni kweli, na karatasi hiyo ingefaa kuwa na Kisomali pia. Lakini Kiswahili cha sokoni ndicho kinachotumika pale pale kifaa kinaponunuliwa na kutengenezwa, baina ya Msomali, Mpokomo, Mboni na fundi aliyetoka bara. Na mtoto wa darasa la tano amefundishwa kukisoma. Pingamizi la pili ni zito zaidi: wengi hawasomi lugha yoyote. Hapo ndipo narudi kwa ile redio. Wasomali walisambaza ushairi wao kwa kaseti miaka mingi kabla ya memori kadi kuzaliwa, na idhaa za Kisomali na Kiswahili za BBC, zilizoanza zote mwaka 1957, zimelea masikio ya vizazi. Dakika tatu za maelezo yaliyosomwa kwa sauti nzuri, Kiswahili kwanza na Kisomali baadaye, zikinakiliwa katika memori kadi kibandani, zitasafiri zenyewe hadi malishoni bila gharama ya kuchapa.

Tulijaribu jambo hilo na kidato cha pili katika juma langu la mwisho. Tuliandika ubaoni sentensi tisa, tukazifuta, tukaziandika tena. Mabishano makali yalikuwa juu ya paneli. Mimi nilitaka "paneli ya nguvu za jua", kama nilivyofundishwa. Darasa likakataa, likasema kila mtu huiita "sola", na kile kinachowaka huitwa "taa", basi. Msichana mmoja wa safu ya nyuma akaja mbele, akachukua chaki na kuandika: "Sola iweke juani. Taa iweke kivulini. Ukiziweka pamoja juani, taa itakufa." Nilisahihisha nukta moja. Jioni mzee alisomewa, akaniomba nakala mbili, moja ya kubandika kibandani na ya pili ya kumpelekea shemeji yake Kotile.