Likasi: Tuache kufuta chembe katika foto za wazee wetu

Siku hizi kilio kikitokea Kikula au Panda, familia inatafuta foto ya zamani ya marehemu, inaipiga kwa simu, halafu inaipitisha katika programu ya akili bandia ili isafishwe. Kwa dakika moja uso unatoka laini, kama wa mtu aliyepigwa foto jana. Watu wanafurahi. Mimi naona tunapoteza kitu, na sababu yake iko ndani ya filamu yenyewe.

Boksi la filamu lilikuwa na namba: 100, 200, 400. Zile zilizotoka Ulaya ziliandikwa pia namba za Wajerumani, DIN: 21 kwa 100, 27 kwa 400. Hiyo ndiyo kasi ya filamu, yaani wepesi wake wa kushika mwanga. Filamu ya 400 inahitaji robo tu ya mwanga unaohitajiwa na ya 100.

Wepesi huo una bei. Filamu inapakwa fuwele ndogo sana zenye madini ya fedha. Ili zishike mwanga mdogo, zinatengenezwa kubwa zaidi, na fuwele kubwa zinaacha chembe zinazoonekana, hasa foto inapokuzwa. Jumapili nje ya kanisa, kwenye jua la saa nne, filamu ya 100 ilitosha na foto ilitoka safi. Lakini ndani ya karakana ya Shituru, au kwenye arusi ya usiku bila flashi, mpiga foto alihitaji 400. Kwa 100, mkono wa fundi uliosogea ungetoka kama moshi, au uso wake ungezama gizani. Chembe zile zinatuonyesha mwanga aliofanyia kazi. (Ni kweli, joto na kukaa miaka mingi huharibu filamu pia, na zile za kasi kubwa huharibika mapema.)

Sasa programu inakuja na kuziita uchafu. Haiwezi kuona kilicho chini ya chembe, kwa sababu hakuna kitu chini yake: chembe ndizo foto. Kwa hiyo inakisia, ikifuata nyuso nyingine ilizofundishwa. Kovu la shavuni au chale za kipaji zinaweza kufutika. Jicho linaweza kuwa la mtu mwingine kabisa. Mjukuu aliyezaliwa baada ya babu kufa atakua akipenda uso ambao babu hakuwa nao.

Mwaka 2006, Sammy Baloji wa Lubumbashi, katika kazi yake Mémoire, aliunganisha foto za wafanyakazi wa enzi ya ukoloni na foto mpya za viwanda vilivyochakaa vya Gécamines. Kwangu, nguvu yake ni kwamba watu wale wamebaki jinsi filamu ya wakati wao ilivyowashika. Wangelainishwa, wangekuwa tangazo la biashara.

Kuongeza mwanga kidogo au kuondoa mkwaruzo hakudhuru. Kwa foto ya karatasi, skana ya kibanda cha fotokopi inatosha. Negativu ikiwa bado ipo, iwekwe mbele ya skrini nyeupe inayowaka, ipigwe foto, kisha rangi zigeuzwe. Baadaye irudi katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu, mbali na joto la mabati. Na faili la kwanza, lenye chembe zake zote, lisifutwe kwenye simu.