NGUVU ZA MKONO: TUNATAKA KIPIMO CHA HAKI



Wako madaktari wanaopima afya kwa kumpa mtu chombo akifinye kwa mkono, na mshale wa chombo huonyesha amefinya kilo ngapi. Wengine watacheka, lakini jambo hili si mchezo. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza habari za watu karibu 140,000 wa nchi 17, waliopimwa hivyo na kuangaliwa kwa muda wa kama miaka minne. Ilionekana kwamba nguvu zikipungua kwa kilo 5, hatari ya kufa huzidi kwa 16 katika mia.

Kwa hiyo hatukipingi kipimo hiki. Hakitaki damu wala sindano, na gharama yake ni ndogo.

Lakini twauliza: mpaka wa udhaifu umewekwa na nani? Mwaka 2019 wataalamu wa Ulaya, wakitafuta ugonjwa wa kupungua nyama za mwili uzeeni, waliweka kilo 27 kwa wanaume na 16 kwa wanawake. Wale wa Asia waliweka 28 na 18. Katika zile nchi 17, za Afrika zilikuwa mbili tu, Afrika Kusini na Zimbabwe. Kenya haikuwamo. Tena imejulikana kwamba hata watu wazima wasio na ugonjwa hawalingani: wa Asia ya Kusini hufinya kilo chache kuliko wa Ulaya. Umri, kimo na chakula cha utotoni vyote vina sehemu yao.

Basi tajiri akichukua mpaka wa ng'ambo na kumwambia mchuma chai au mpagazi, "Wewe dhaifu, nenda zako," hiyo si dawa, ni dhuluma. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mfanyi kazi kwa sababu ya ulemavu.

Sisi twataka mambo matatu. Kwanza, mtu alinganishwe na nafsi yake, mwaka huu na mwaka jana. Pili, hesabu hiyo iwe siri ya daktari na mgonjwa, isipelekwe ofisini. Tatu, nguvu zikishuka, mtu atibiwe na kazi yake itazamwe, kwa maana huenda ni kazi hiyo iliyomdhoofisha.

Chombo hicho kikiletwa kazini kwenu, msikikimbie, wala msikishike kabla ya kumwita mjumbe wa chama.