Tundu Si la Kuchinjia

Nasema wazi, wa kununa anune: anayemchoma samaki kwa kulabu halafu akamrudisha ziwani ni muuaji tu, hata akijiita mtu wa sheria.

Hapa Minnesota, kwenye maziwa mengi ya kaskazini ya kati, tangu 2018 sheria inataka paiki wa inchi 22 hadi 26 arudishwe majini. Wenzangu wanamtoboa kwanza, wanampima baadaye. "Loo, huyu wa kurudishwa!" Mnarudisha nini, jamani? Maiti?

Nami sijitoi. Msimu wangu wa kwanza wa baridi, mimi mtoto wa Tanga, nilivuta kwa pupa. Mshipi ukajisugua kwenye ukingo wa barafu, mkali kama kisu, pu! Samaki akaenda na ndoana yangu kooni. Nikacheka. Leo sicheki.

Ndugu zangu, tundu lenyewe ni inchi 8 au 10. Akikimbia, mwacheni akimbie. Ncha ya fimbo iinamisheni tunduni, mshipi usiguse ukingo. Achoke. Kichwa kikielekea juu, mwongozeni polepole, mkono uliolowa umpokee chini ya taya, siyo machoni. Ndoana itoeni kwa koleo, arudi upesi, maana baridi ya nje hugandisha macho na matamvua yake.

Dakika chache tu hizo! Keekee mnayo, hema mnalo, kahawa ya moto mnayo. Subira ndiyo mliyoiacha nyumbani.