Wingi wa Miche Si Wingi wa Nasaba

Kila msimu wa mvua ukiwadia, hutolewa taarifa za idadi ya miche iliyooteshwa na kupandwa. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini kwa miti iliyo adimu, hapana budi swali la pili liulizwe kabla ya pongezi: miche hiyo imetokana na miti mama mingapi?

Kisa cha Hawaii, visiwa vya Marekani katika Bahari ya Pasifiki, ni funzo kwetu sisi watu wa visiwa. Katika miteremko ya mlima Mauna Kea huota mmea uitwao ahinahina, wenye majani ya rangi ya fedha, ambao huchanua mara moja kisha hufa. Kondoo na mbuzi walioletwa na wageni waliutafuna hata ikasalia michache tu magengeni. Tangu miaka ya 1970 miche ilioteshwa na kurejeshwa mlimani, ikazidi 450. Kumbe yote ilikuwa uzao wa mama wawili tu! Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2000 ulithibitisha kuwa nasaba zake zilikuwa zimepungua. Nao mmea huo hauzai kwa chavua yake wenyewe, na ndugu kwa ndugu huzaa kwa shida. Ikawabidi wahifadhi waiendee chavua ya mimea ya magengeni na kuipandikiza kwa mikono.

Sisi tunao mpapindi, mti usioota kiasili penginepo duniani ila Pemba, na Msitu wa Ngezi ndio ngome yake. Mbegu zikiokotwa chini ya mti mmoja kwa kuwa tu uko kando ya njia, tutapanda ndugu watupu, na maradhi yatakayouangusha mmoja yataweza kuiangusha yote.

Kwa hiyo tunashauri mbegu zikusanywe kutoka miti mingi iliyotawanyika, kila mche uandikwe daftarini pamoja na mama yake, na vipande vya majani vipimwe maabara ili ijulikane ni nasaba ipi iliyokosekana. Wapo watakaolalamikia gharama. Daftari na kalamu si gharama. Na kupima kabla ya kupanda ni nafuu kuliko kupanda upya baada ya miaka 20.

Maofisa wanaohusika wasiridhike na hesabu ya miche. Taarifa zao zitaje na hesabu ya mama. Wananchi waishio kandokando ya msitu, wanaoijua miti hiyo mmoja mmoja, washirikishwe tangu mwanzo. Msitu ni amana, na amana hurejeshwa kamili.